Mgonjwa wa Fundi Viatu

Kifuniko cha sufuria kiligonga ukingo, na fundi viatu akakishika upesi kabla hakijalia tena. Nje bado giza. Mkewe alikuwa amelala, au alijifanya amelala, maana chumvi ilikuwa imeshatolewa kabatini na kuwekwa karibu na jiko, kama kila alfajiri. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo.

Supu ilipochemka aliimimina kwenye themosi, akatoka.

Shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, alikaa chumba kimoja nyuma ya gereji. Zamani wawili hawa walikunywa pamoja mpaka wakabebwa pamoja. Fundi viatu ndiye aliyeacha kwanza. Katika kikundi chao cha walioacha pombe, kila aliyeweza kusimama alipewa mwenzake wa kumshika mkono, naye akaomba apewe shemeji. Alimlisha kwa kijiko. Alimfulia mashuka. Alimnyoa ndevu, kwa kuwa mikono ya shemeji ilitetemeka mno kushika wembe. Na tangu alipoanza kuamka kwa ajili ya mtu mwingine, kiu yake mwenyewe ilinyamaza.

Asubuhi hiyo aliukuta mlango wazi na chumba kimefagiliwa. Shemeji alikuwa mbele ya kioo, povu kidevuni, wembe mkononi. Mkono umetulia tuli.

"Umechelewa, kinyozi," alisema shemeji. "Mteja amejihudumia."

"Utajikata koo bure."

"Nikijikata utanishona. Si kazi yako kushona ngozi?"

Wakacheka. Shemeji alikunywa supu kidogo, kwa adabu tu, akaifunika. Akaeleza kwamba bwana wa kupaka rangi majumba aliyemwajiri zamani alikuwa amemkubali tena, anaanza kazi keshokutwa. Akamshika fundi viatu bega.

"Kesho usije, shemeji. Lala na mkeo. Umenibeba vya kutosha."

"Haya," alisema fundi viatu. "Vizuri. Vizuri sana."

Jioni kikundi kilikutana kwenye darasa la chekechea, watu wazima juu ya viti vya watoto, magoti karibu na videvu. Aliyewaongoza alikuwa nesi mstaafu, mama mpole asiye na maneno mengi. Kila mtu alijibu swali lile lile mbele ya wenzake: uliyemsaidia, ulimsaidia kwa ajili ya nani?

"Mimi kwa ajili ya mke wangu," alisema dereva mmoja. "Nikiwa nje kwa mwenzangu, yeye anapata kupumua."

Zamu ya fundi viatu ilipofika, alisema, "Kwa ajili ya shemeji. Na amepona."

Wakampigia makofi. Nesi hakupiga. Alimtazama kwa huruma.

"Na wewe, mwanangu, sasa utaamkia nini?"

"Nitalala, mama, kama watu wenye akili zao."

Chumba kizima kilicheka, naye akacheka kuwashinda wote, huku ulimi umemkauka mdomoni. Kiu ilikuwa imerudi, ile ile, kama mtu aliyekwenda tu dukani mara moja.

Mkutano ulipokwisha hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliingia duka la kona, akasimama mbele ya rafu ya chupa. Muuzaji, aliyemfahamu tangu enzi zile, alijitia kupanga sabuni asije akamwaibisha. Fundi viatu alijiuliza swali la nesi, na safari hii hakujidanganya. Jibu alilipata pale pale. Akalipa.

Alipofika nyumbani mikono mitupu, mkewe alikuwa akimsubiri mlangoni. Alimsogelea kama anayemtoa uzi kwenye kola, akavuta pumzi. Hakuna harufu. Akavuta tena. Kisha akageuka haraka kwenda kupakua chakula, machozi yasionekane.

Alfajiri fundi viatu alikuwa jikoni kama kawaida.

"Si alikwambia usiende?" mkewe aliuliza kutoka kitandani.

"Nitapita tu nimwone."

Akachukua supu. Akachukua na taulo.

Shemeji alikuwa sakafuni, shati limelowa matapishi, chupa tupu ubavuni. Fundi viatu alipiga magoti. Alimvua shati, akamwosha uso, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, taratibu, kama anavyooshwa mtoto mchanga. Akamlaza kwenye mto. Kwake mwenyewe kiu haikuwepo tena.

"Niliikuta dirishani," shemeji alisema, meno yakigongana. "Nilimaliza kuswaki, nafunga dirisha nilale, naiona hiyo hapo. Nani ananichukia hivi?"

"Hakuna anayekuchukia," alisema fundi viatu, na alikuwa akisema kweli. Pale dukani alikuwa amesimama muda mrefu, mpaka alipoiona chupa ile ambayo shemeji yake aliipenda kuliko zote.

Mgonjwa aliukamata mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Usinichoke, shemeji. Na kesho utakuja tena?"