Dakika ya Sekunde Sitini na Sita

Dakika moja ya mashine ilipoisha, saa ya mkononi ya Kipara ilikuwa imehesabu sekunde sitini na sita.

Alirudia. Sitini na sita tena. Jasho likamteremka kichwani, mahali pasipo na hata unywele wa kulizuia.

Wiki iliyopita programu aliyoiandika iliikataa kamera ya mashine hiyo, kwa kuwa mapigo ya saa ya ndani ya kamera, ambayo mashine nzima huyafuata, yalikuwa ya polepole mno. "Legeza kidogo, bwana," bosi alimcheka. "Mbona wewe ukichelewa kazini hatukukatai?" Kipara akapanua kiwango cha tofauti kinachoruhusiwa. Kamera ikawaka, watu wakapiga makofi.

Sasa mashine kama hiyo iko wodini, inahesabu pumzi za watoto njiti kwa kamera yake. Inajumlisha pumzi za sekunde sitini na sita na kuziita za dakika moja, kwa hiyo mtoto anayezidiwa, ambaye pumzi zake zinapungua, ataonekana hajambo.

Akampigia dada yake.

"Kaka! Njoo umwone mpwa wako," dada alisema, sauti imejaa kicheko. "Mashine yenu inasema ana nafuu tangu asubuhi."

Kipara akamkatiza.

"Dada, achana na mashine. Mtazame kifua."