Msumari Unaong'aa

"Hii ni ya Wabelgiji, ya mbele ya uhuru," fundi wa bunduki alisema, akisoma muhuri chini ya mtutu. "Iko na bei, mama."

Mushiya hakutulia. Mumewe, mlinzi wa mgodi aliyefukuza wezi wa madini usiku, alitaka iuzwe leo leo.

Ilikuwa ya marehemu baba yake Mushiya, mwindaji. Kila alipoua mnyama alipigilia msumari wa shaba kwenye kitako, ili roho isimfuate nyumbani. Tangu afe, bunduki ilikaa darini.

Kidole cha fundi kilipita juu ya misumari iliyofubaa, kikasimama kwenye mmoja uliong'aa.

"Musumari huu ni wa juzi, mama. Mu Kolwezi kumebakia nyama gani ya kuwinda?"

Nje, mumewe alipiga honi ya pikipiki.

Mushiya akaufunika msumari kwa kiganja.

"Ung'oe, tata. Mbio."