Miguu ya Mayu

Maji ya moto yalikuwa yakidondoka tone moja moja kwenye beseni refu la kuogea. Mayu, mama yake Nyanda, alikuwa ameketi ukingoni, miguu yake yenye ganzi ndani, akiyasubiri. Nyumba ilikuwa ya meneja wa zamani. Tajiri aliyenunua kiwanda cha pamba ndiye aliyempa Nyanda nyumba hiyo.

Nje, kando ya pipa la maji lililokuwa likichemka juu ya kuni, Nyanda alifungua kiungo cha bomba la kwenda bafuni. Chumvi nyeupe ilikuwa imeganda ndani, ngumu kama jiwe, ikiacha tundu la kupita njiti ya kiberiti tu. Akaichokonoa kwa bisibisi mpaka ikang'oka, akafunga tena.

Maji yakavuma ndani.

"Mayu, toa miguu! Yanachemka!"

"Yako wapi, mwanangu? Mbona bado ya baridi?"

Alikimbia bafuni. Mvuke ulikuwa umejaa. Alipotumbukiza mkono, aliuchomoa akipiga kelele.

Maji yalikuwa yamefika juu ya vifundo vya mama yake. Ngozi ya vidole ilishaanza kutoka malengelenge.

Nyanda akamshika makwapani, akamvuta nje.

"Niache kidogo," Mayu alilalamika. "Nilitaka nisikie joto."