Kifaru na Bawa la Korongo

Zama zile wanyama walipokuwa wakishtakiana barazani, Kifaru alipita mbio malishoni akamkanyaga Korongo, bawa likavunjika lisipone tena. Kesho yake akamletea panzi wachache. "Kula hawa, bibie, tuyamalize."

Korongo alikwisha kata tamaa, akataka kupokea. Jirani yake Nungunungu akamzuia. "Usipokee, dada. Twende kwa Twiga akatuamulie."

Mbele ya Twiga, hakimu wao, Kifaru alijitetea kwa sauti kubwa: "Mheshimiwa, sikumwona! Kila mtu anajua macho yangu hayafiki mbali."

"Na wewe mwenyewe unajua?" Nungunungu akauliza.

"Tangu utotoni!"

"Basi kwa nini ulikimbia?"

Baraza zima likacheka, lakini Twiga hakucheka. Aliamua Kifaru ambebe Korongo popote atakapo, maisha yake yote, tena kwa mwendo wa polepole.

Asubuhi iliyofuata Korongo alipanda mgongo ule mpana. Walipofika penye shimo la Nungunungu, akamwomba Kifaru asimame. Akainamisha shingo, machozi yakimlenga.

"Ahsante, ndugu yangu," akamwambia Nungunungu. "Mimi nilikwisha kujihesabu maiti. Wewe ukanihesabu mwenye haki."