Nyumba Isiyovuja

Mvua ya vuli ilipokolea, Melkior aliomba aachwe ndani peke yake. Akavua kofia, akasimama katikati ya kila chumba, kipara wazi, akingojea tone. Chumba cha kwanza, kikavu. Cha pili, kikavu. Cha watoto, kikavu vilevile.

"Umeridhika, mzee wangu?" aliuliza Kalisti, mwuzaji, kutoka barazani.

"Bado."

Angeridhikaje upesi? Alitoka kwao Kasulu akiwa kijana, akawa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari kule tambarare kwa miaka ishirini na sita. Sasa amestaafishwa, na nyumba ya kiwanda anatakiwa aiache mwisho wa mwezi. Mkewe Zita na watoto watano hawakuwa na pengine pa kulala. Na rafiki yake Yakobo, maskini, alishanunua nyumba kwa kupenda rangi ya milango, kumbe mpaka wa jirani unapita katikati ya jiko! Melkior aliapa kwamba yeye hatauziwa mbuzi kwenye gunia.

Basi akauliza, akauliza mpaka watu wakamchoka. Akamwendea balozi wa nyumba kumi: hapa kuna kesi ya mpaka? Hakuna. Akamwendea bibi Anyesi, jirani wa upande wa juu: mfereji unaleta maji hata kiangazi? Unaleta. Kalisti yumo humu tangu lini? Huu mwaka wa sita. Mlevi? Anakunywa mbege ya ndizi kama watu wengine. Akagonga kuta, akachimbua pembe za msingi, akapekua mibuni mmoja mmoja. Watu wa pale Marangu, mlimani Kilimanjaro, walimjibu kila alichouliza, na walimjibu kweli tupu. Ambacho hakuuliza, hawakumwambia.

"Huyu baba ananunua nyumba au anaposa?" alisema bibi Anyesi, na wote wakacheka.

Jumatano wakaandikishana kwa balozi. Melkior akatoa akiba ya maisha yake yote, akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri. Kalisti alipokea bahasha uso chini, bila kuhesabu, hata Melkior akamhurumia. Kuachana na migomba uliyoizoea si mchezo.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba mpaka wa Kenya umefunguliwa baada ya kufungwa miaka na miaka. Weee, Marangu ililipuka kwa vigelegele! Kila ukoo ulikuwa na mtu wake aliyekwama ng'ambo. Melkior hakuwa na mtu huko, lakini naye alipiga makofi, maana sasa majirani wale walikuwa wake.

Jumamosi yeye na Zita wakapandisha vyombo kwa lori la kuazima. Hawajamaliza kushusha vitanda, wakatokea wazee watatu wa ukoo wa Kalisti. Kalisti mwenyewe aliwafuata nyuma, kichwa chini. Mzee mmoja alibeba kibuyu cha mbege. Mwingine alishika jani bichi la masale, mmea ule mrefu wanaoupanda mipakani, limefungwa fundo.

"Wanakuja kutukaribisha," Zita alinong'ona. "Funga vifungo vya shati, baba Beatrice."

Mzee mwenye jani alisema maneno marefu kwa Kichaga, mazito, akimwonyesha Kalisti, akiionyesha nyumba. Melkior hakuambulia hata moja. Kisha mzee akamnyooshea lile jani. Melkior alilelewa akaleleka; cha mwenyeji hakikataliwi. Akalipokea kwa mikono miwili, akainama.

"Asanteni sana, wazee wangu. Nimepokea kwa moyo mweupe."

Wazee wakashusha pumzi. Kalisti akapiga magoti, akaangua kilio. Mbege ikazunguka, na Melkior akajikuta machozi yanamlengalenga. Miaka yote ile kiwandani hakuna aliyewahi kumpokea mahali namna hii.

"Tumefika, mama," alimwambia mkewe. "Sasa hakuna wa kutuhamisha."

Wazee wakaaga, Kalisti akiwatangulia mbiombio. Bibi Anyesi, aliyekuja kushuhudia, alibaki akimwangalia Melkior kwa mshangao.

"Baba, una moyo wewe. Mimi lile jani nisingelipokea."

"Nikatae zawadi, bibi?"

"Zawadi?" Bibi akaweka chini kata yake ya mbege. "Masale ni ya kuomba msamaha. Ukishayapokea mbele ya mashahidi, neno limekwisha. Hudai tena, hushtaki, na hata ukishtaki hakuna mtu hapa atakayesimama kukutolea ushahidi. Ndiyo mila yetu."

Melkior aliliangalia fundo la jani mkononi mwake. Alitaka kulitupa jani lile, mkono ukakataa.

"Nimemsamehe kosa gani?"

"Si mzee amekueleza yote?"

"Kwa Kichaga, bibi! Mimi Kichaga sikijui!"

"Uuwi! Na hukuuliza? Wewe uliyeuliza hata mambo ya mfereji?"

Honi ikalia. Gari lenye namba za Kenya likaingia uani, likasimama nyuma ya lori. Akashuka mwanamume mnene mwenye koti, na mke, na mabinti watatu waliokuwa wakicheka kwa furaha. Mabinti wale wakapita katikati ya vitanda vya Melkior bila kuuliza njia, kila mmoja akaenda chumbani kwake.

"Shikamoo, bibi Anyesi!" alisema yule mwanamume, akikifuta kizingiti kwa kiganja chake. "Mungu ni mwema, mpaka umefunguka na mdogo wangu nyumba amenitunzia vizuri. Hawa wenye vitanda ni wageni wake?"