Adabu ya Chakula

Chumba chetu cha mabati pale kitongoji cha Alexandra, huku ugenini kusini mwa Afrika, kilikuwa kinawaka joto la mwisho wa kiangazi, nasi tulikuwa tumejifungia siku tatu, tangu wenyeji waanze kuwapiga wageni kama sisi. Jumapili hiyo mume wangu akachoka.

"Mama Mayasa, toa mkeka. Tule nje kama watu."

Mwenye nyumba alikuwa ametuonya: mkitoka, msitoe neno la Kiswahili. Basi tukauzunguka wali wa nazi na samaki, kimya, tukila kwa mkono. Upepo ulipita. Tikiti maji lilikuwa la baridi. Raha hiyo nilikuwa nimeisahau.

Ndipo wakatokea wanaume barabarani, kumi au zaidi, na marungu yao. Tukainamisha vichwa juu ya sinia. Walipita mbele ya geti letu bila kutujali.

Binti yetu Mayasa alikuwa na miaka mitano, mzaliwa wa hapa. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kizulu. Kiangazi chote nilimkalia kooni: sisi watu wa Tanga hatuli mtu akapita tusimkaribishe. Hakuwahi kulitamka hilo "karibu" hata mara moja.

Siku hiyo alimeza tonge, akainua mkono uliojaa mchuzi.

"Karibuni! Karibuni tule!"

Sauti ya bibi yake kabisa.

Nje, nyayo zikakoma. Mayasa akanigeukia, punje ya wali imemganda kidevuni, akisubiri nimsifu.

Nikamfuta kidevu. Komeo la geti lilikuwa linalia.

"Vizuri, mwanangu," nikamwambia. "Umesema vizuri."