Mawimbi Nusu Mita

Ndugu wananchi, kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natangaza hali ya bahari ya leo pale kwenye mwamba: mawimbi nusu mita, upepo hakuna, maji yamejaa pomoni.

Uongo mtupu. Mjomba, anayekodisha mbao za kuteleza mawimbini, alikuwa ameandika kwenye kibao cha dukani mita mbili na nusu kuanzia saa tatu, maji yakipwa. Nilifuta, nikaandika yangu, ili wateja wamtanie mpaka likizo yangu iishe.

Wa kwanza kusoma akawa dada yangu. Tangu mwamba umchane goti mwaka jana, hajagusa maji ya chumvi. Alisoma mara mbili, akainama, akaanza kujifunga mkanda wa ubao kifundoni. Ukamponyoka, akaufunga tena.

"Leo naingia," alisema. "Nusu mita hata bibi anaiweza. Mbona kimya, mheshimiwa?"

"Nina njaa."

"Wewe ukinyamaza kuna mtu umemponza. Nani leo?"

Kovu la goti lake lilikuwa mbele ya macho yangu, refu kama zipu.

"Wewe, dada. Kibao nimeandika mimi. Fungua huo mkanda."